Kuvua kwa Burudani na Kuwalinda Samaki wa Asili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaovua kwa mshipi siku za mapumziko katika maziwa, mito na mabwawa ya Tanzania, Kenya na Uganda. Majibu mengi yanahusu maji baridi, kwa sababu huko ndiko samaki wa asili walikobanwa zaidi. Bahari ina swali lake karibu na mwisho.

Mimi navua samaki wawili watatu Jumamosi, basi. Kweli naweza kulidhuru ziwa?

Kwa idadi ya samaki unaowabeba nyumbani, madhara yako ni madogo ukilinganisha na makokoro na nyavu haramu za timba. Lakini historia ya eneo letu inaonyesha kwamba mvuvi wa burudani amedhuru kwa njia nyingine kabisa. Amehamisha samaki.

Chukua Ziwa Naivasha. Samaki wa asili wa ziwa lile alikuwa mmoja tu, kadogo ka kuogelea pembezoni kwenye majani, wanasayansi wakimwita Aplocheilichthys antinorii. Mwaka 1925 wakaletwa perege kutoka kwingine. Mwaka 1929 akaletwa besi mwenye mdomo mkubwa kutoka Amerika Kaskazini, ili walowezi wapate samaki mwenye nguvu wa kupambana naye kwenye mshipi. Besi ni mla samaki. Yule mdogo wa asili alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na watafiti wanaamini besi alichangia pakubwa kummaliza. Hakuna wavu uliofanya hivyo. Ni burudani ya watu wachache waliotaka ziwa lifanane na la kwao.

Ziwa Victoria lina kisa kikubwa zaidi. Sangara aliingizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hoja kuu ilikuwa ya uchumi: kuwageuza furu, wadogo na wenye miiba mingi, kuwa samaki mkubwa wa kuuzika. Ila hamu ya kuvua samaki mkubwa kwa ndoana nayo ilikuwemo katika mjadala wa wakati ule. Furu walikuwa mamia ya spishi zisizopatikana mahali pengine duniani, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya spishi hizo ilikuwa imetoweka au imebaki kwa uchache mno.

Ndiyo maana kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hilohilo: mjue samaki, ujue kwao ni wapi, na usimhamishe.

Samaki wa asili ni yupi hasa? Sangara si wa Afrika?

Ni wa Afrika, na bado ni mgeni Ziwa Victoria. Uasili wa samaki hupimwa kwa maji yake, si kwa nchi wala bara. Sangara wa Ziwa Albert, Ziwa Turkana na Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison yuko kwao tangu enzi. Maporomoko yale yalikuwa ukuta: samaki wa chini hakuweza kupanda hadi Victoria. Binadamu ndiye aliyemvusha.

Ukienda Kigoma mambo hubadilika tena. Ziwa Tanganyika lina jamaa wa sangara wa aina nne, mgebuka akiwa mmoja wao, na wote wanne hawapatikani ziwa lingine lolote. Kuhe, yule mkubwa ambaye wavuvi wa mshipi humpenda kwa nguvu zake, naye ni wa Tanganyika peke yake.

Kwa Ziwa Victoria na mito yake, wa asili utakaokutana nao ni ngege, mbiru, ningu, kuyu, kambare, kamongo, gogogo, domodomo, nembe na furu waliobaki. Sato, ingawa amejaa kila soko kuanzia Mwanza hadi Kisumu, aliletwa ziwani humo miaka ya 1950.

Nitamtofautishaje sato na perege wa asili?

Tazama mkia. Sato ana mistari ya wima iliyo wazi kwenye pezi la mkia, moja baada ya nyingine. Ngege hana mistari hiyo. Mbiru dume aliyekomaa ana ukingo wa rangi ya machungwa au nyekundu kwenye pezi la mgongo na la mkia, na ukishamwona mara moja humsahau.

Shida ni machotara. Sato huzaliana na perege wengine wa jamii yake, na watoto huzaa pia. Uchunguzi uliofanywa na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Uingereza ulionyesha kwamba sato na mwenzake mwenye madoa meupe, Oreochromis leucostictus, wamesambaa katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania ambako hawakuwepo, na sehemu kadhaa wamechanganya damu na wenyeji. Tanzania ina aina nyingi za perege kuliko karibu nchi yoyote nyingine. Ziwa Chala, shimo la volkano lililo mpakani chini ya Kilimanjaro, lina Oreochromis hunteri asiyepatikana mahali pengine. Bonde la Pangani lina wa kwake, Rufiji ina wake, Rukwa ina wake. Ukoo wa samaki unaweza kwisha bila mizoga kuelea juu ya maji: kila kizazi kinazidi kufanana na sato, mpaka siku moja hakuna tena wa kumtofautisha. Kwangu mimi hili ndilo tishio linalopaswa kumkosesha mvuvi usingizi, kuliko hata wavu haramu. Wavu ukiondolewa samaki huongezeka. Damu ikishachanganyika haitenganishwi.

Ngege mwenyewe, aliyekuwa kitoweo kikuu cha ziwa zima kabla ya sangara, leo anapatikana zaidi katika maziwa madogo ya pembeni. Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya, ni mojawapo ya hifadhi zake. Ukivua Kanyaboli, fahamu kwamba umesimama mahali pa pekee.

Basi nimrudishe majini kila ninayemnasa?

Hapana. Desturi ya kurudisha kila samaki imetoka nchi ambako wavuvi wa burudani hawali wanachovua, nasi hatuna sababu ya kuibeba nzima nzima. Kula samaki uliyemvua si kosa.

Mimi nafuata hivi. Wa asili aliye haba, kama ngege, mbiru, ningu au kuyu, anarudi majini, hata kama ni mkubwa wa kutamanisha. Mgeni aliyetimiza kipimo cha kisheria anaenda jikoni. Sangara wa Ziwa Victoria ana kipimo cha chini cha sentimita 50, na kinakuhusu wewe kama kinavyomhusu mwenye mtumbwi wa nyavu. Najua inaonekana ajabu kumlinda mgeni mchanga kwa sheria. Lakini maelfu ya familia zinaishi kwa sangara, viwanda vinamsubiri, na hakuna anayetarajia kumwondoa ziwani. Ukimpata wa sentimita 70, mle kwa moyo mweupe.

Murchison ni kinyume. Pale sangara ni mwenyeji, mkubwa wake ndiye mzazi, na kumrudisha ni jambo la busara. Samaki yuleyule, uamuzi tofauti.

Nikimrudisha ataishi kweli, au najifariji tu?

Inategemea mikono yako na joto la maji. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na maji yetu mengi ni ya moto. Samaki aliyepambana dakika kumi saa nane mchana amechoka kama mtu aliyekimbizwa, kisha unamtoa mahali anapopumua. Vua alfajiri au jioni. Tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha umlete haraka. Kuona fahari kwa kumvuta samaki mkubwa na mshipi mwembamba ni kumuua polepole.

Ndoana iwe moja, isiyo na kijino, yaani ule mwiba mdogo unaoizuia isichomoke. Kijino unaweza kukibana kwa koleo nyumbani. Loweka mikono kabla ya kumgusa, kwa sababu ule utelezi wa ngozi ndio kinga yake dhidi ya ukungu na vidonda. Usimlaze juu ya mchanga wa moto wala sakafu ya mtumbwi. Usimshike kwa mashavu. Ukitaka picha, mwenzako awe ameshatayarisha simu wakati samaki bado yumo majini. Mnyanyue, piga, mrudishe. Ndoana ikiwa imemezwa hadi tumboni, kata mshipi karibu na mdomo na umwache. Kuichokonoa kunaua zaidi kuliko kuiacha.

Samaki wa vilindini ni suala jingine. Akipandishwa haraka, kibofu chake cha hewa hufura na tumbo huja mdomoni. Huyo hata ukimrudisha ataelea na kuchukuliwa na mwewe. Ukiona samaki wawili mfululizo wamepanda hivyo, hama mahali hapo uvue maji ya kina kifupi.

Nilimtoa perege majini, akatema vitu kama mbegu za njano. Ni ugonjwa?

Ni mayai yake. Perege wa kundi la ngege na sato hulea mdomoni. Dume huchimba kiota kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi, jike hutaga pale, kisha huyafumbata mayai kinywani. Vifaranga wakishaanguliwa huendelea kujificha humo wakiona hatari. Muda wote huo jike halili au hula kidogo sana, kwa hiyo ni nadra kumnasa kwa chambo. Mara nyingi hunaswa kwa ndoana inayoburutwa na kumchoma ubavuni. Akishtuka hutema, na akishatema nje ya maji, uzao umekwenda.

Basi ukiona kidevu kimevimba, mwachie ukiwa hujamtoa majini. Na usivue juu ya viota. Utavitambua kwa madoa meupe ya mviringo chini, yaliyopangana, kila dume akilinda lake. Samaki huyo ni rahisi kumnasa kwa sababu hafukuziki, anarudi kwenye kiota chake hata ukimtisha. Urahisi huo si ustadi wako. Pia usitembee hapo kwa miguu kutupa mshipi. Unyayo mmoja hufukia kazi ya siku nyingi.

Kuhe wa Tanganyika hulinda makinda kwa njia nyingine: baba na mama wote wawili hukaa nao wakizunguka kundi. Ukimwondoa mmoja, makinda huliwa.

Chambo hai kina ubaya gani?

Chambo chenyewe hakina ubaya kikitoka katika maji yaleyale. Ubaya umo ndani ya ndoo. Mtu ananunua vifaranga vya kambare au samaki wadogo mahali, anasafiri nao kilomita mia, jioni wanabaki kumi na anawaonea huruma, anawamwaga bwawani. Amefanya kile kilichofanywa Naivasha, kwa nia njema kabisa. Maji ya ndoo nayo hubeba konokono, vimelea na vipande vya gugu maji.

Minyoo, ugali uliokandwa, dagaa wakavu, panzi: vyote vinanasa. Chambo hai kikibaki, kirudishe pale ulipokivua au ukipeleke nyumbani kwa kuku. Kabla ya kuhamia ziwa lingine, mwaga maji yote ya mtumbwi nchi kavu, ng'oa kila jani lililonasa kwenye injini na nanga, anika vyombo vikauke juani. Gugu maji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila mtu wa kandokando anajua limewagharimu nini.

Nina bwawa shambani. Rafiki ameahidi kuniletea vifaranga vya sato. Kuna tatizo?

Lipo, na ni swali ninalotamani kila mwenye bwawa aliulize kabla ya vifaranga kufika. Bwawa lililo bondeni halibaki bwawa milele. Mvua kubwa ikija, maji yanapita juu ya tuta, na samaki wako wamo mtoni asubuhi. Baadhi ya samaki wa kigeni waliomo katika mito yetu waliingia kwa njia hiyo.

Nenda kwanza kwa afisa uvuvi wa wilaya umweleze bwawa liko wapi na maji yake yanamwagikia wapi. Kuhamisha samaki hai kutoka bonde moja kwenda jingine kunahitaji kibali, si makubaliano ya marafiki. Nunua kwa mzalishaji anayetambulika, weka chujio kwenye mlango wa maji, inua tuta. Na kama bwawa lako limo katika bonde lenye perege wake adimu, kama lile la Pangani au maeneo ya karibu na Chala, ushauri wangu ni kwamba usiweke sato kabisa.

Nahitaji leseni hata kama sivui kwa biashara?

Ndiyo. Tanzania Bara uvuvi unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009. Zanzibar ina mamlaka yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016. Uliza ofisi ya uvuvi iliyo karibu ada ya sasa na masharti ya eneo, kwa kuwa hubadilika. Ndani ya hifadhi za taifa unahitaji pia ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi. Baada ya hapo pita kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, wa mwalo utakaovulia, uwasalimie na uwaeleze unachofanya. Wao ndio wanaojua mazalia yaliyofungwa.

Kufungwa kwa uvuvi nako kunakuhusu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa likifungwa, usitafute mwanya kwa sababu una fimbo ya kuvulia badala ya wavu.

Makazi ya samaki nitayalindaje? Mimi si serikali.

Anza na mafunjo na matete. Watu hufyeka pwani ya ziwa ili wapate mahali pazuri pa kutupia mshipi, kumbe ndani ya yale majani ndimo vifaranga hujificha dhidi ya sangara. Sangara hapendi maji yenye hewa haba ya katikati ya mafunjo, ila furu wengi na kambare huyavumilia. Vinamasi ndivyo vilivyowaokoa waliobaki. Tafuta mwanya uliopo. Ukiwa na kiwanja au unajenga kambi ya wageni, sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari.

Mabaki ya mshipi wa nailoni yaviringishe uondoke nayo. Huwanasa ndege na kenge kwa miaka. Chubwi za risasi zina sumu, na jiwe lililofungwa vizuri hufanya kazi ileile.

Lakini makazi makubwa huharibikia mbali na ndoana yako. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993, kwa sababu maji huchukuliwa juu, Usangu, kabla hayajafika hifadhini. Samaki hubaki kwenye madimbwi ya mwisho pamoja na viboko na mamba. Hapo hakuna ndoana isiyo na kijino itakayowasaidia. Wavuvi wa burudani wana elimu, simu na muda. Wahudhurie vikao vya watumia maji wa bonde lao. Mtu anayefika mtoni kila mwezi ndiye wa kwanza kuona maji yamebadilika rangi.

Wavuvi wa kijiji hutuona sisi kama watu wa kuchezea chakula. Tuwaambieje?

Kwanza tukubali kwamba wana hoja. Mtu anayemrudisha majini samaki wa kilo tano mbele ya mama anayetafuta kitoweo ana wajibu wa kujieleza. Burudani inayofukuza wenyeji haitalinda chochote, maana usiku watarudi, na watarudi na nyavu.

Penye faida kwa kijiji mambo huenda vizuri zaidi. Katika mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, wageni huja kumvua Hydrocynus tanzaniae, yule mwenye milia na meno ya kutisha anayeishi katika mito michache ya Tanzania tu, kisha humrudisha. Samaki mmoja anaweza kuvuliwa zaidi ya mara moja na kuleta fedha kila mara. Swali la haki ni fedha hiyo inamfikia nani. Ajiri waongozaji kutoka kijiji hicho hicho, nunua chakula hapo, na samaki wa kigeni uliyemvua mpe mwenye mtumbwi.

Na baharini?

Samaki wa kigeni si tatizo kubwa huko. Tatizo ni wakubwa kwisha. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wanapokua, kwa hiyo ukiwaondoa wakubwa umeondoa madume. Pono nao wana tabia hiyo, na ndio wanaokwangua mwani juu ya matumbawe. Waache. Nguru, jodari na fulusi hukua haraka, hao ndio wa kula. Nduwaro na sulisuli kwa pwani ya Kenya, hasa Watamu na Malindi, hutiwa alama na kuachiwa kwa miaka mingi sasa. Wafanyie hivyo wakiwa ubavuni mwa boti, bila kuwapandisha.

Jua mipaka. Katika hifadhi za bahari za Kenya zenye hadhi ya taifa, kama Kisite, Watamu na Malindi, kuvua ni marufuku kabisa. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya mbele ya Dar es Salaam navyo ni maeneo tengefu. Mafia imegawanywa kanda, na kila kanda ina masharti yake.

Nimenasa samaki nisiyemjua kabisa. Nifanye nini?

Usimtupe haraka na usimle kabla hujampiga picha. Mlaze ubavu kwenye kitu kilicholowa, mapezi yakiwa yamefunguka, weka rula au sarafu kando yake. Piga picha ya mwili mzima, ya mkia na ya mdomo. Andika jina la mto au ziwa, kijiji kilicho karibu, tarehe na kina cha maji. Akiwa hai, mrudishe palepale. Picha hizo zipeleke kwa taasisi ya utafiti wa uvuvi ya nchi yako: TAFIRI kwa Tanzania, KMFRI kwa Kenya au NaFIRRI iliyoko Jinja kwa Uganda. Kama unashuku ni mgeni aliyeingia karibuni, waeleze pia kama umeona wadogo wake, kwa sababu wakiwepo wadogo maana yake ameshaanza kuzaliana.